Bwana Nailoni na Viti vya Roshani

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Bwana Nailoni ni mng'ao. Si mng'ao wa kichwa, ingawa upara wake nao haujambo, bali wa vitu vyote vinavyomzunguka. Ukiingia katika duka lake, ambako watu hufika kutoa nakala, kununua bahasha na kuandikiwa barua, macho yako yanapokelewa na plastiki. Orodha ya bei imetiwa plastiki. Kalenda imetiwa plastiki yote kwa pamoja, kwa hiyo haifunuliwi, na imebaki kwenye Januari ya mwaka ambao hakuna anayetaka kuukumbuka. Picha ya harusi imo ndani ya plastiki, cheti cha ushonaji cha mkewe kimo ndani ya plastiki, na hata kile kibao cha karatasi kinachosema "Narudi sasa hivi" kimefunikwa pande zote mbili, kana kwamba kurudi kwenyewe ni jambo la miaka mingi.

Mashine yake ya laminesheni hukaa upande wa mkono wa kulia, na karibu kila siku huwa imewaka. Watu wengine wakiwaza hujishika kidevu. Yeye hutafuta karatasi ya kuipitisha. Hupenda kuiona ikiingia nyepesi, ikitoka ngumu na ya moto, haiogopi tena maji wala mafuta wala vidole vya watoto.

"Karatasi tupu ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani bila shati," huwaambia wateja.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyempa jina la Bwana Nailoni. Mwenyewe alinuna wiki nzima, kisha akalizoea, na siku hizi ukimwita kwa jina lake halisi hageuki.

Mwisho wa barabara hiyo kuna jumba la sinema. Kwa miaka mingi lilikuwa limefungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, lakini wenye nalo wapya walilipaka rangi, wakafunga viti vipya na kuanzisha mpango wa kuwatuza wateja waaminifu. Mteja alipewa kadi ya karatasi yenye miraba kumi. Kila akinunua tiketi, binti wa dirishani humgongea muhuri wa nyota ya zambarau katika mraba mmoja. Kadi ikijaa, mteja hupewa viti viwili vya roshani, kule juu, usiku wa Jumamosi ambao roshani hiyo ingefunguliwa kwa mara ya kwanza tangu enzi za magodoro. Viti hivyo havikuuzwa. Ungekuwa na hela za kujaza ndoo, bila kadi iliyojaa hupandi ngazi.

Bwana Nailoni aliposikia neno roshani, moyo ulimruka.

Alipokuwa kijana bado anamchumbia mkewe, alimleta katika jumba hilohilo. Roshani ilikuwa ya wenye nazo. Wao waliketi chini, na waliokuwa juu walikula karanga filamu nzima na kuwamwagia maganda vichwani. Msichana alikuwa ametoka kusuka nywele siku hiyo. Taa zilipowashwa, alionekana kama mtu aliyelala kwenye gunia. Hakulia. Alijipangusa, akamtazama mchumba wake, akasema, "Mimi humu sirudi mpaka siku utakayoniketisha kule juu." Bwana Nailoni akaapa kwamba siku hiyo ingefika. Wakaoana, wakapata watoto, watoto wakaoa na kuolewa, jumba likafungwa, na kiapo kikabaki kinaning'inia.

Sasa alipata pa kukitimizia. Alikwenda sinema kwa bidii ya mwanafunzi anayekaribia mtihani. Aliona filamu za mapigano, za mapenzi, na moja ya nyangumi ambayo hakuielewa hata kidogo. Mkewe hakwenda naye, kwa sababu neno lake ni neno, lakini alikata kitambaa cha kijani alichokuwa amekihifadhi kabatini na kuanza kujishonea gauni la kuvalia roshani. Mtaa mzima ulijua. Kinyozi aliwasimulia wateja wake, na wateja wakiwa wamefungwa shuka shingoni hawana pa kukimbilia.

Jambo moja tu liliitia doa furaha hiyo, tena doa la kweli. Kila Bwana Nailoni alipotoka sinema, shati lake jeupe lilikuwa na wino wa zambarau mfukoni.

"Kalamu zako zinavuja," mkewe alimwambia.

"Kalamu zangu hazivuji."

"Basi ni moyo ndio unaovuja. Lete hilo shati."

Alilisugua kwa limau na chumvi, akalianika juani, likatakata. La pili vilevile. Aliona fahari kuyashinda madoa hayo, na yale mashati machache yaliyomshinda aliyatupa kwenye kapu la matambara. Bwana Nailoni aliacha kubeba kalamu, akamrudishia msambazaji boksi zima kwa maneno makali, na bado doa likaja.

Kadi yenyewe hakuwa akiitazama. Kila ilipogongwa, aliitia mfukoni mara moja na kukimbilia kiti chake kabla taa hazijazimwa. Si mtu wa kufunua sufuria kila dakika kuangalia kama wali umeiva. Filamu alizihesabu kichwani, na ilipotimia ya kumi alivaa koti, akaenda dirishani kifua mbele.

Binti wa tiketi alimwona, akatabasamu.

"Karibu, mzee! Leo unaanza kadi ya ngapi?"

"Ya ngapi? Mimi nina moja tu. Nimekuja kuchukua viti vyangu." Akaiweka kadi kaunta.

Ilikuwa nyeupe. Miraba yote kumi ilikuwa mitupu, inametameta chini ya taa. Bwana Nailoni aliigeuza, akaigeuza tena, kama anayetafuta mlango wa nyuma.

"Mihuri yangu iko wapi?"

"Mzee, kila ukija kadi inakuwa safi. Mimi nilidhani unajaza unachukua nyingine. Hata wenzangu nimewaambia, kuna mzee mmoja hapa anatumaliza!"

"Kumbe mnatugongea wino wa mazingaombwe! Mtu anaangalia nyangumi saa mbili nzima, halafu mnamfutia?"

Watu waliokuwa foleni waligeuza shingo. Binti aliomba radhi, akasema suala hilo ni la meneja, na meneja hupokea malalamiko kwa maandishi.

Kwa maandishi! Hapo walikuwa wamemrudisha nyumbani kwake. Bwana Nailoni alifunga mlango wa duka, akaketi mbele ya kompyuta na kuchapa barua ambayo kinyozi, baada ya kusomewa, alikiri kwamba ingeweza kumtoa mtu jela. Iliandikwa hivi juu: "Yah: Kutoweka kwa Mihuri Kumi Katika Mazingira ya Kutatanisha." Ilizungumzia uaminifu wa mteja, heshima ya ndoa na hatari ya kampuni kula jasho la wananchi. Alipomaliza kutia sahihi, aliipitisha kwenye mashine, maana barua nzito kama ile haikustahili kukunjika.

Meneja alikuwa mwanamke kijana mwenye blauzi ya krimu na meza isiyo na vumbi. Aliisoma barua yote bila kucheka, jambo ambalo baadaye alisema lilimgharimu.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Naipokea rasmi, kisha tutachunguza."

Akachukua muhuri wa "Imepokelewa", akaugonga chini ya sahihi, akaivuta barua upande wake ili atie tarehe. Mkono wa blauzi ukapita juu ya muhuri. Palepale neno "Imepokelewa" likaondoka kwenye barua na kuhamia kwenye blauzi, kinyumenyume, pamoja na sehemu kubwa ya tarehe.

Wote wawili wakalitazama.

Meneja akagonga tena, mahali pengine, akapitisha kidole. Barua ikabaki safi, kidole kikawa cha bluu.

"Mzee wangu," alisema polepole, "na ile kadi... nayo uliitia nailoni?"

"Siku ileile niliyopewa! Kitu cha thamani utakiachaje..."

Hakumaliza. Alitazama mfuko wa shati lake. Akakumbuka kila shati, kila doa, boksi la kalamu na yule msambazaji maskini aliyeondoka kichwa chini.

"Wino haushiki juu ya plastiki," meneja alisema kwa upole. "Sisemi unadanganya. Ila nikimpa kiti mwenye kadi tupu, kesho nitakuwa na mtaa mzima hapa na kadi tupu. Vimebaki viti viwili tu. Niletee ushahidi wowote kabla ya kesho adhuhuri, nikifunga hesabu ya viti basi tena."

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi kuliko alivyotaka. Mkewe alikuwa akipinda upindo wa gauni la kijani. Bwana Nailoni alisimama mlangoni, akasema yote kwa pumzi moja, akangoja.

"Kwa hiyo lile doa," mkewe alisema, "lilikuwa muhuri."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nafua mihuri."

"Ndiyo, mama watoto."

"Yaani nimekifua kiti changu kwa mikono yangu mwenyewe! Kwa limau!"

Alilitupa gauni juu ya cherehani. Bwana Nailoni alijiandaa kupewa vidonge vyake, lakini mkewe alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya kapu la matambara, anatupa vitambaa huku na huku. Akachomoa shati moja. Mfukoni palikuwa na nyota ya zambarau, ncha zake zote tano zinahesabika. La pili nyota ilikuwa imevimba kidogo, lakini nyota bado. La tatu halikuwemo.

"Lile la mikono mirefu nilimpa kinyozi afutie vioo."

Asubuhi msafara ulishuka barabarani kuelekea sinema. Mbele alikuwa mke na kapu, kisha Bwana Nailoni na kadi yake, na nyuma kinyozi na tambara lenye nywele za nusu ya mtaa. Kinyozi alikuwa amefunga kibanda na kumwacha mteja mmoja amenyolewa upande.

"Haki haisubiri," alimwambia mteja huyo. "Nywele zinasubiri."

Meneja alitandaza mashati mezani. Binti wa tiketi aliitwa, akaulaza muhuri wake wa mpira kando ya kila doa.

"Huu ni wa kwangu," alisema. "Na huu. Huu pia, ona ncha hii imekatika, muhuri ulianguka wiki ile ya nyangumi."

"Hayo ni matatu," meneja alisema. "Mengine?"

Mke akasogea mezani.

"Mengine nimeyafua mimi, mwanangu, na sikuyafua vibaya. Nilijivunia, nikawaonyesha majirani. Ukitaka nitawaleta, waje waape kwamba yalikuwepo na kwamba niliyamaliza. Huyu mume wangu ana kasoro zake, chungu nzima. Angeweza kuwatia nailoni hata watoto wetu. Lakini alikuja hapa mara zote hizo peke yake, akiketi kule chini, kwa sababu ya neno nililosema nikiwa msichana. Mimi sijui kanuni zenu. Najua nilichokifua."

Kinyozi alijifuta jasho kwa tambara la ushahidi, binti wa tiketi akamnyang'anya.

Meneja alivuta droo, akatoa kadi mpya ya karatasi. Alimwambia binti agonge nyota tisa: tatu za mashati na sita za kiapo cha mama. Ya kumi hakuitoa.

"Hiyo mzee ataipata kwa kununua tiketi, kama wateja wote. Kuna filamu moja kabla ya adhuhuri."

"Nitaiona!" Bwana Nailoni aliruka. "Ya nini?"

"Ya katuni. Sungura wanaoendesha treni."

Mkewe alialikwa amsindikize. Alikataa kwa adabu. "Mimi chini siketi," alisema, akarudi kumalizia upindo.

Kwa hiyo Bwana Nailoni aliketi katikati ya safu za watoto wa chekechea, akavuliwa kofia mara mbili na aliyekuwa nyuma yake, akalia kidogo treni ilipoharibika. Alipotoka, kadi ilikuwa imeshajaa. Aliibeba kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooshwa mbele, akiipulizia ingawa wino ulikuwa umeshakauka, na watu walimpisha njia kama anayebeba kikombe cha chai ya moto. Alifika ofisini kwa meneja adhuhuri haijaingia. Alitoka na tiketi mbili za roshani.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Duka limefungwa tangu asubuhi. Bwana Nailoni na mkewe wameketi kwenye benchi la nje, yeye na koti, mke na gauni la kijani, na jua bado liko juu kabisa.

"Milango inafunguliwa jioni!" kinyozi anawapigia kelele kutoka ng'ambo. "Mtachakaa kabla hamjafika!"

"Nyoa wewe," mke anamjibu. "Yule wa jana umemwacha upande."

Kisha anamgeukia mumewe na kushusha sauti.

"Ngazi za roshani ziko kushoto au kulia?"

Bwana Nailoni anafikiri. Amekwenda sinema mara zote hizo, na hajawahi kuzipanda.

"Kushoto," anasema.

"Mimi nakumbuka kulia."

"Kushoto, mke wangu. Unaingia, unapita dirisha la tiketi, kushoto."

"Haya, tutaona."

Anajinyoosha gauni magotini, anatazama mwisho wa barabara. Taa za jumba la sinema bado hazijawashwa.