Uzi wa Filister Kwenye Skrini

Alhamisi, 17 Julai 1997. Baridi, mawingu mazito, manyunyu tangu alfajiri.

Filister Aluoch alikuwa fundi wa kushona nguo mtaani Laini Saba. Alasiri alisomea kompyuta Kawangware, katika chumba kilicho juu ya duka la nyama. Wanafunzi walikuwa wengi, mashine moja. Walifundishwa COBOL, lugha ya kompyuta isiyosamehe kosa la pambizo: kichwa cha sehemu kikianza nje ya mahali pake, programu inakataliwa.

Filister alibandika uzi mwekundu juu ya skrini kwa selotepu, akaufunga kifungo chini ili unyooke. Vichwa vyote alivianzisha kwenye uzi.

"Siste, hiyo ni kompyuta ama ni sketi?" alimtania Muigai, mwanafunzi mwenzake wa mtaa wa Satellite.

"Cheka tu. Yangu huingia. Yako je?"

Siku hiyo mwalimu Kagiri alitangaza kwamba atakayekataliwa na mashine mara mbili hatafanya mtihani wa kesho, atangoja Desemba. Filister aliposhuka kunywa chai, Muigai akausogeza uzi nafasi tano kulia.

Filister akarudi, akaandika. Mashine ikakataa kila kichwa. Muigai akakohoa kuficha kicheko.

Filister alifungua programu yake ya juma lililopita, iliyokubaliwa. Vichwa vyake vilisimama mbali, kushoto mwa uzi! Alimtupia jicho Muigai, ambaye ghafla alikuwa anakagua dari. Akaurudisha uzi mahali pake, mgongo ukiwa umeziba skrini, akavuta vichwa nyuma. Mashine ikakubali.

Zamu ya Muigai ikafika. Kumbe naye aliutegemea uzi huo kisirisiri. Akidhani bado uko alikousogeza, alianza kila kichwa nafasi tano kushoto mwake. Vyote vikakataliwa.

"Filis, hii uzi yako iko na shida."

"Uzi gani? Si ulisema ni sketi?"

Darasa likaangua kicheko. "Umebakisha mara moja," mwalimu akasema.

"Haya, ni mimi niliisogeza. Nisaidie basi, mathe."

"Mathe ni mamako, ako kwenu. Jaribu jina lingine."

"Tafadhali, Madam Filister."

"Sauti!"

"Tafadhali, Madam Filister!"

Ndipo Filister akainama, akasukuma kichwa kimoja kimoja hadi kwenye uzi. Mashine ikakubali.

Kesho yake asubuhi Filister alifika wa kwanza, akakalia mashine, akafanya mtihani wake bila haraka yoyote. Alipomaliza aliusoma upya wote, mstari kwa mstari, huku Muigai akitetemeka kwa baridi kwenye ngazi akingoja zamu.