Mdogo Wangu Ndiye Aliyeitika

Mwaka jana, mvua zilipopungua, nilikwenda Karatu kumtembelea mdogo wangu. Alikuwa anapakua makande, mvuke unapanda, nami nimeshanawa mikono na kukaa mkao wa kula, mara akasimama na upawa mkononi. "Dada, ningoje kidogo," akasema. Akajaza bakuli moja, akalifunika kwa sahani, akatokea mlango wa nyuma na kuvuka barabara kwenda kwa mama mmoja auzaye mboga. Hakukaa hata dakika kumi. Aliporudi aliendelea kupakua kana kwamba alitoka kufunga bomba la maji. Nami, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikahisi kijicho kinanipanda. Nilidhani kiliniisha zamani. Nilikula makande yale bila kusikia ladha yake.

Usinicheke, rafiki yangu unayesoma. Wivu huu nimekua nao, na ili uuelewe inabidi nikurudishe upande wa Daa, kwa bibi yetu mzaa mama, miaka ile baada ya vita vya Kagera, chumvi, sabuni na viberiti vilipokuwa vitu vya kusakwa. Baba na mama walikuwa vibarua katika shamba la kahawa huko Oldeani, wakituletea nguo na habari mara moja kwa mwezi. Sisi wawili tulikaa na bibi katika nyumba ya nyasi iliyopigwa udongo mwekundu. Upande mmoja ndama walilala nyuma ya fito, upande wa pili sisi, na katikati jiko la mafiga matatu ambalo halikuzimwa. Kila usiku bibi alifukia kisiki majivuni, na alfajiri alikifukua, akakipuliza mpaka kikatoa jicho jekundu. Nikisikia leo harufu ya moshi wa kuni mbichi iliyochanganyika na maziwa ya mgando, huwa narudi pale mara moja, na miguu yangu inasikia baridi ya udongo wa asubuhi.

Kazi zilikuwa nyingi na hazikuulizana zamu. Kuzoa samadi, kuteka maji kijitoni, kufukuza nyani shambani, kupukuchua mahindi mpaka vidole vinavimba. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ambao kila mtu aliulalamikia na kila mtu aliumaliza. Jumapili mtu aligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini karibu na kanisa, mlio wake ukavuka mabonde, nasi tukapakana mafuta ya samli miguuni na kuondoka.

Lakini bibi hakumngoja Mungu mpaka Jumapili. Alikuwa na tabia moja ambayo sikuiona kwa mtu mwingine yeyote. Angekuwa analima, au anasonga ugali, au amechuchumaa anakamua, mara anasimama na kusema kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kawaida kabisa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni "Naam, nakuja." Kisha anaacha kazi na kwenda. Pengine anachukua kibuyu cha maziwa anakipeleka kwa mtu. Pengine anageuza njia akapite kwa mgonjwa. Ukimwuliza anakwambia, "Nimetumwa," basi. Si kwamba kila mara palikuwa na ajabu huko alikokwenda. Siku moja alimpelekea maziwa kikongwe mmoja, yule kikongwe akamfokea, "Nani kakwambia mimi nina njaa?" Bibi akacheka mpaka akakaa chini, wakayanywa wote wawili.

Mimi nilikuwa mkubwa, nikaona ni haki yangu kurithi jambo lile kama nilivyokuwa narithi kila kitu kwanza kabla hakijamfikia mdogo wangu: magauni, viatu, kitabu cha kusomea. Kumbe sivyo. Siku moja tunapukuchua mahindi, mdogo wangu akiwa na miaka saba, akainua kichwa na kusema, "Naam, nakuja," akakimbia nyuma ya nyumba. Ndama alikuwa amejinyonga kwa kamba, ulimi umemtoka. Akamfungua, naye akapumua tena. Bibi alimtazama mtoto yule muda mrefu, kisha akaingia ndani akamtolea kibuyu chake kidogo cha maziwa, akamkabidhi. Tangu siku hiyo bibi akitumwa, alikwenda naye. Mimi nilibaki kusugua vyungu.

Roho iliniuma, tena iliniuma vibaya. Nilimkata jicho tukila, nikambinya kitandani, nikamtwisha ndoo iliyojaa mpaka ukingoni ili nimwone akiyumba. Usiku nilipiga magoti karibu na ndama na kuomba ombi ambalo mpaka leo naona aibu kuliandika: nilimwomba Mungu amnyamazie mdogo wangu. Nilisema kama hawezi kuniita mimi, basi na yeye asimwite, tuwe sawa.

Halafu nikaamua kujiita mwenyewe. Tulikuwa tunapalilia maharage, jua limetushika utosini, nikanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kijito cha pili, "Naam, nakuja!"

Bibi akaegemea jembe. "Umetumwa nini, mama?"

Hilo sikulipanga. "Nimetumwa… nikapumzike nyumbani."

Mdogo wangu aliziba mdomo kwa kiganja. Bibi hakucheka. "Basi nenda," akasema. "Aliyekutuma anakutazama."

Nikaenda. Nilikaa uani peke yangu mpaka jioni, sikuthubutu hata kulala, kila kuku akichakura nashtuka. Sijawahi kuchoka kwa kupumzika kama siku ile.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, majira ya ukungu na manyunyu, kuni zinalowa hata zikiwa ndani. Ng'ambo ya kijito aliishi mama jirani, mwanamke kijana. Mume wake alikuwa mbali, kibarua katika mashamba ya ngano. Wiki tatu nyuma alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, akabaki na mwingine wa miaka miwili. Na kwa desturi ya wazee wetu, nyumba iliyofiwa hivyo ilitengwa miezi mingi. Hukuingia kwake, hukuteka maji alipoteka, ng'ombe wako hawakukanyaga njia ya ng'ombe wake. Ndugu zake walimwachia unga kando ya njia, kisha wakasogea mbali naye aje auchukue. Kilichoogopwa kuliko vyote ni moto. Nyumba mbili zikishiriki moto, msiba wa nyumba moja ni wa nyumba ya pili, watasema ndama wako watakufa na binti zako hawataolewa. Tulikuwa watu wa kanisa, tumebatizwa, lakini desturi ile wengi waliishika kimyakimya, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Siku hiyo bibi aliondoka alfajiri kwenda Karatu, habari zilikuwa zimefika kwamba chumvi imeletwa dukani, na kwenye foleni mtu alipaswa kuwahi. Akatuachia nyumba. Yapata saa moja asubuhi nilichukua ndoo kwenda kijitoni. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo, naziona nyumba zote za upande ule, na kila paa la nyasi linafuka moshi, jinsi nyumba za kwetu zilivyofuka kila asubuhi. Paa la mama jirani halikuwa likifuka.

Nilisimama na ndoo kichwani. Nilijua mara moja. Moto wake umezimika, kiberiti hana, nani angekuwa nacho miaka ile, na hakuna wa kumpa kaa. Nikawa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hakumbuki ni nini. Lakini sikusikia mtu akiniita. Nilitega sikio kabisa, nakwambia, nikangoja jina langu. Kimya. Nikasema moyoni, ingekuwa kazi yangu ningeitwa kama wanavyoitwa wenzangu. Nikateka maji, nikarudi. Saa nne nikatoka kuanika kuni, nikatazama tena, hakuna moshi. Saa sita nikatazama, hakuna moshi. Safari hiyo niligeuka upesi, nikajipa kazi ya kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Saa nane mchana tulikuwa tunachagua maharage mlangoni. Mdogo wangu alikuwa ametazama ng'ambo. Akaweka ungo chini na kusema, "Naam, nakuja." Akaingia ndani, akatoka na kigae cha chungu kilichovunjika, ndani yake makaa yaliyofunikwa majivu, akashika njia ya kijitoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumpelekea moto."

"Una wazimu? Utatuletea mkosi! Nani atakuja kwetu tena?"

Akazidi kwenda. Nikamkimbilia, nikashika kigae upande mmoja, yeye akashika upande mwingine, tukavutana. Ningependa kukwambia kwamba nilikuwa naogopa mkosi. Niliuogopa, ndiyo. Lakini kilichonipa nguvu za kuvuta namna ile kilikuwa kwamba ameitwa yeye tena, mbele ya macho yangu, kwa jambo ambalo nilikuwa nalitazama tangu asubuhi. Kigae kikapinduka, makaa yakamwangukia mguuni. Alipiga kelele mara moja tu. Kisha akainama, akayarudisha makaa moja moja kwa vijiti viwili, machozi yanamtiririka, akaondoka akichechemea. Mimi nikabaki nimesimama njiani.

Alirudi jua likielekea kuzama. Alimkuta mama jirani amejikunyata na mtoto kifuani, wote wawili wamelowa, maana paa lilivuja na moto ulizimika tangu jana yake usiku. Mtoto alikuwa amepoa, midomo yake rangi ya majivu, halii tena. Waliwasha moto, wakamkausha, wakampikia uji. Alipomaliza kikombe cha pili ndipo akalia, na mama yake akalia naye.

Bibi aliingia giza likianza, na nusu kilo ya chumvi imefungwa kwenye ncha ya kanga. Alisikia habari yote kutoka kwa mdogo wangu, nami nikingoja kusemwa. Kuhusu vita vyetu mtoto yule alisema tu kwamba makaa yalimdondoka. Bibi akamkamulia mshubiri kwenye mguu. "Basi, moto wetu na wake sasa ni mmoja," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akamwuliza, "Ulisikiaje, mama?"

"Sikusikia kitu, Bibi. Niliona hakuna moshi kule."

"Ukaitika."

"Nikaitika."

"Na mimi huwa hivyohivyo," bibi akasema. "Naona jambo, naitika upesi, kabla sijapata sababu ya kukataa. Nikishaitika, naona haya kurudi nyuma."

Nilihisi uso unanichoma kuliko moto. Miaka miwili mizima nilikuwa nimetega masikio kungoja sauti. Ndipo bibi akanigeukia taratibu.

"Na wewe, mama? Hukuona?"

"Sikuona, Bibi," nikasema. "Kulikuwa na ukungu."

Alinitazama kidogo, akasogeza kuni ndani ya mafiga, akaanza kusonga ugali.

Yaliyofuata yalikuwa kama tulivyojua. Watu walianza kupitisha ng'ombe wao mbali na boma letu. Wasichana kijitoni waliinua ndoo zao nikifika. Nilimlaumu mdogo wangu kwa kila ndoo iliyoinuliwa, na bibi aliendelea kwenda ng'ambo kila siku, mchana kweupe, akiimba njiani. Miezi ikapita, ndama wetu hawakufa, na watu wakachoka kuogopa. Kutengwa kwa mama jirani kulipokwisha, nyumba ya kwanza aliyoingia ni yetu. Alimkumbatia mdogo wangu, akamtemea mate ya baraka kichwani, akasema, "Huyu ndiye aliyesikia." Kisha akanipapasa begani. "Na wewe ndiye dada yake." Hakuwa na ubaya wowote. Nililia nyuma ya zizi mpaka usiku.

Bibi amelala kaburini miaka mingi sasa. Nyumba za nyasi hazipo tena kule, ni bati tupu, nyingine zina vioo na maua, na watu wanapika kwa gesi. Vijana ukiwaambia habari za kutengwa wanadhani unatunga. Sikatai, ni vizuri, hakuna mama anayekaa peke yake na msiba wake kwa kuogopwa. Lakini asubuhi ukisimama kijitoni huwezi tena kutazama mapaa na kujua nani amekosa nini, na sijui leo bibi angetazama wapi.

Na lile neno la ukungu sijamwambia mtu mpaka leo ninapoliandika. Miaka yote hii nimemwonea wivu mdogo wangu nikiamini kwamba Mungu alipita kwetu akamchagua yeye, akaniacha mimi na ndoo yangu. Haikuwa hivyo. Asubuhi ile niliitwa mimi. Mdogo wangu aliitwa saa nane mchana, baada ya mimi kukataa, na saa zote hizo katikati mtoto wa watu alikuwa anatetemeka.