Nilimwambia Baba Mkwe "Soon" Miezi Saba

Ndugu zangu, kosa ni langu na silipunguzi hata sentimita moja. Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Jina nalificha kwa sababu bado nahitaji wateja.

Dhambi yangu ni neno "soon". Kwetu mafundi neno hilo ni kama gundi, linashika popote. Mteja akipiga simu unamwambia "soon, bosi". Akipiga tena, "muda si mrefu". Akija mwenyewe, "bado kidogo tu" au "ipo kwenye msasa". Akikasirika kabisa, "inakauka vanishi". Yote maana yake ni moja: sijaanza.

Mwaka jana alinijia mzee mmoja wa Bunju, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mbao za mninga alinunua mwenyewe, akaniletea hadi kibandani, anataka seti ya makochi. Nikaenda kwake kupima sebule. Aliyenishikia tepu alikuwa binti yake, Neema, anayefundisha chekechea. Ukuta mmoja niliupima mara tatu, na mara zote nilipata vipimo tofauti.

Nilipomaliza nikamwambia mzee, "Haya ya zamani yatoeni tu, mapya yanakuja soon."

Aliyagawa kwa majirani siku hiyohiyo. Aliniamini!

Wiki iliyofuata akaja mteja mwenye haraka ya kitanda cha harusi, na mimi mbao sina. Yaani ninazo, ila ni za mzee. Nikazipasua. Nilijiambia nitazirudisha, na nawaapia nilikuwa namaanisha.

Ikapita miezi saba. Mzee akipiga simu nachagua neno. Huku nyuma mimi na Neema mambo yamenoga, tumeshaanza kuongelea ndoa. Siku moja akanibana.

"Hivi makochi ya baba umeyaanza kweli?"

"Soon, mama."

"Mie sijauliza lini. Nimeuliza umeanza?"

Nikamnunulia chipsi mayai.

Sasa sikieni ujinga wangu. Badala ya kutengeneza makochi, nikapeleka posa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mzee akishakuwa mkwe ataona aibu kunidai. Nikamtuma baba yangu mdogo na shangazi na barua ya posa, Jumapili mchana, mimi nikabaki nyumbani nimenyoa nasubiri.

Baba mdogo alirudi ameshika kiuno.

"Umetudhalilisha, wewe mtoto. Mie na magoti yangu haya nimekalishwa juu ya ndoo. Shangazi yako yuko chini kwenye mkeka. Nauliza kiti, naambiwa kiti anacho kijana wenu."

"Na barua?"

"Kaipokea vizuri tu. Halafu akatoa daftari. Kaandika kila neno ulilomwambia, na tarehe, kwa kalamu nyekundu. Akatusomea lote kama anaita mahudhurio. Nikamwomba jibu. Kasema jibu lipo, lipo kwenye msasa."

Nilicheka kwanza. Baada ya siku tatu sikuwa nacheka tena. Nikapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi. Bado kidogo tu."

Wiki ya pili, "Muda si mrefu, bosi." Wiki ya tatu akaniambia linakauka vanishi. Nikamwendea Neema anitetee.

"Sikutetei," akasema. "Miezi saba nakula ugali nimekalia ndoo. Ukimshindwa baba, umenishindwa na mimi."

Hapo niliogopa, jamani. Nilijua kabisa naweza kumkosa yule dada kwa ajili ya uvivu na uongo wangu mwenyewe.

Asubuhi nikaenda Bunju. Nikakaa mkekani mbele ya mzee.

"Baba, sijaanza. Na mbao zako sina, nilimtengenezea mtu mwingine."

Alifungua daftari lake. Kisha akasema, "Hilo ndilo neno la kwanza kulielewa kutoka kwako. Sasa, makochi lini?"

Ulimi ukalifuata neno lile lile. Nikalimeza.

"Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi."

Akaandika. Niliuza pikipiki yangu, ile niliyoipenda kuliko ndugu wengine, nikanunua mninga mwingine. Wateja wote wapya niliwaambia waende kwa jirani. Ijumaa saa nne kasoro, makochi yalikuwa mlangoni.

Mzee alikalia moja baada ya jingine. Akatikisa miguu ya makochi, akapitisha kidole kwenye maungio. Kisha akafunga daftari.

"Mwambie baba yako mdogo aje Jumapili. Safari hii atakaa kwenye kochi."

Nililia, sifichi.

Mafundi wenzangu, kama hujaanza, sema hujaanza. Mteja atakufokea dakika tano na dunia itaendelea. Mimi sasa naenda kazini kwa miguu na neno lile nimeliacha, au karibu nimeliacha. Siku ya harusi mzee alitukabidhi lile daftari liwe zawadi, kurasa nyingi bado nyeupe. Jana Neema kaniuliza kabati la jikoni litakamilika lini. Nilipofungua mdomo, nikamwona ananyoosha mkono kuchukua kalamu nyekundu.

"Sijaanza," nikamwambia.