Paa Lililolazwa

Siku hizi kila mtu ni fundi wa kompyuta. Zamani mwashi aliyejenga ukuta ukapinda hakungoja kuambiwa. Aliuangusha mwenyewe mchana kweupe, wenzake wakimzomea, kisha akaanza upya. Nilidhani watu wa namna hiyo wamekwisha, mpaka mjukuu wa dada yangu alipoletwa kwa mkandarasi ninayemtunzia stoo.

Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea ukadiriaji majenzi. Kazi yao ni kuchukua ramani ya jengo ambalo bado halipo na kusema litakula tofali ngapi, saruji kiasi gani, bati ngapi, na mpaka likamilike litagharimu nini. Alikuja kwa mafunzo ya vitendo. Bosi ndiye angejaza fomu ya chuo. Akimfelisha, binti anarudia mwaka, na mama yake, fundi cherehani, alikwisha kusema macho yake hayana mwaka mwingine wa kutunga uzi kwenye sindano.

Alivaa buti za kaka yake, amezijaza vitambaa mbele zisimtoke. Kila asubuhi alipita stoo kwanza.

"Babu, bati hizi zikiezekwa zinalaliana kiasi gani?"

"Chuoni hawajakuonyesha bati?"

"Wametuonyesha picha yake."

"Basi kaezeke picha."

Alicheka, akainama, akazipandisha mbili mwenyewe, moja juu ya nyingine, akapima. Nilijifanya sikuona. Wasomi wengi waliopita pale hawakujua hata mlango wa stoo unafungukia upande gani.

Ikaja zabuni ya madarasa ya shule. Yeye alipewa vipimo vya paa. Mkuu wake, tuliyemwita Bwana Nukta kwa alivyopenda kukata mazungumzo, alitakiwa kuvipitia. Hakuvipitia, alikuwa na haraka zake. Siku ya kupeleka, bosi alitia sahihi, bahasha ikabandikwa gundi.

Binti alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Uani seremala alikuwa akipima kenchi za banda jipya, zile fremu za kubeba paa, akivuta futi kufuata mteremko wa mbao. Nilikuwa nimeleta kalamu za wino, nikaona kikombe kikitua mezani, chai ikamwagika.

"Mkuu, paa nimelilaza," alisema.

Mtu akilitazama paa kwenye ramani kutoka juu, huliona limelala kama mkeka. Lazima aongeze mwinuko. Yeye alikuwa amelipima kama sakafu. Bati zisingefika ukingoni.

"Kaa chini," Bwana Nukta akasema kwa sauti ya chini. "Tukipata kazi tutafidia kwa bati nyembamba, za bei ndogo. Nani atapanda juu kukagua?"

"Mvua, mkuu."

Binti akatoka mbio. Gari la bosi lilikuwa limewashwa. Akasimama mbele yake, mkono juu ya boneti.

"Toka hapo, binti, nachelewa!"

"Bosi, bei tuliyoandika si ya kweli. Vipimo vya paa vimekosewa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Nukta hakuvipitia?"

Hapo ndipo wengi wangepumua na kuteremsha mzigo.

"Vipimo ni vyangu, bosi."

"Unakumbuka nani anajaza fomu yako?"

"Nakumbuka, bosi."

Bosi alimtazama, akazima gari, akaichana bahasha. "Rudi ndani. Sanduku la zabuni linafungwa saa sita."

Alikaa na penseli, midomo ikicheza bila sauti, bosi amemsimamia mgongoni akichezesha funguo mpaka nikamwomba azitie mfukoni. Bei mpya ilipanda. Bahasha iliwahi, lakini kazi ilichukuliwa na mwingine wa bei ya chini.

Tangu siku hiyo bosi alimpita binti kama anayepita nguzo. Bwana Nukta ndiye aliyemsemesha: "Asante kwa kutulaza njaa." Binti aliendelea kupima milango na madirisha, kila kipimo mara mbili, bila kununa.

Kisha mhadhiri wake akaja kukagua. Bosi alizungumza naye uani, sote tukisikia.

"Kwenye umakini nimempa alama ndogo. Alinilazia paa."

"Kwa hiyo anafeli?"

"Nani kasema? Kwenye uaminifu fomu yenu imeacha nafasi finyu, nimeandika mpaka ukingoni. Akimaliza chuo, aje kwangu kabla hajapita kwingine."

Mhadhiri alipoondoka nilimvuta binti pembeni. Nilikuwa nachemka.

"Ile alama ndogo ikatae. Sema Nukta hakuvipitia vipimo."

"Babu, niache. Ile ni yangu, nimeifanyia kazi."

Akaenda kumwomba seremala ngazi na futi, akapanda kwenye kenchi na buti zake kubwa, kupima paa akiwa juu yake.