Kaka yangu mchongaji alitaka kuona muhugu ukiwa umesimama

Wakuu, habari za leo. Hii sijaitia chumvi hata chembe, na mtaona wenyewe sijajipendelea.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili, nashika mfuko.

Kaka yangu mkubwa, Mutiso, polio ilimchukua miguu akiwa mtoto. Anatumia wheelchair na kazi yake ni kuchonga. Twiga, swara, vitu za watalii, zote za muhugu. Huo ni mti mgumu wa misitu ya Pwani, ukiupasua unanukia mpaka kwa jirani.

Miaka ishirini magogo yalikuwa yanaletwa na lori mpaka Wamunyu, kwa wachongaji. Mti wenyewe ukiwa umesimama? Alikuwa hajawahi kuuona.

Sasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabega yakaanza kumkataa. Akajua siku zake za kuchonga zinaisha. Akanisumbua kila Jumapili baada ya kanisa: "Nipeleke niushike ukiwa hai, hata mara moja tu."

Nikapigia simu park moja ya msitu huko Pwani, jina naacha. Wheelchair inapita? "Hakuna shida," nikaambiwa. Wakuu, mkiambiwa hakuna shida, anzeni kuomba.

Nikaazima pikapu ya jirani hapa Mumbuni, tukashuka Pwani.

Karibu na geti nikamwambia kaka, usiseme wewe ni mchongaji. Sema sisi ni walimu. Huo mti kuukata ilikuwa imepigwa marufuku, na sisi Wakamba tunajulikana kwa kuuchonga.

Hebu fikirieni. Wakamba wawili, pikapu tupu, tunauliza muhugu uko wapi.

Renja mmoja wa makamo, Kazungu, akamsalimia kaka kwa mkono. Hakuuachilia. Akaugeuza, akaangalia zile sugu za tezo ya kuchongea.

"Mwafundisha somo gani?"

"Hesabu," nikarukia mimi.

Hakucheka. Akachukua panga, akasema atatupeleka yeye mwenyewe. Aiya!

Kwa wenye wheelchair, wacha niwaambie ukweli. Ofisi iko na ramp safi kabisa. Choo kiko na ngazi tatu, aliyejenga anajua mwenyewe. Njia ya wageni ni mchanga mtupu, magurudumu yalizama hata geti hatujaiacha mbali.

Kazungu akasema kuna njia nyingine. Akakata kushoto, mahali hakuna kibao wala mgeni.

Ile njia ilikuwa pana na ngumu kama uwanja wa shule. Kaka akajisukuma mwenyewe, anaimba wimbo wa kanisa. Mimi jasho linanitoka. Barabara nzuri hivi ndani ya msitu ni ya nini? Nikajua basi, kuna gogo limefichwa huko mbele, tutashikwa nalo, kesho tuko kortini.

Halafu tukaanza kuona visiki. Kimoja, vitano, nikaacha kuhesabu.

"Njia hii ilishindiliwa na malori ya magogo," Kazungu akasema. "Ndiyo pekee kiti chako chaweza kupita. Lakini palipofika gurudumu, muhugu haukubaki."

Kaka akasimamisha kiti. Akasogea kando ya kisiki, akakipapasa na kidole gumba.

"Mzee, mimi si mwalimu. Mimi ni mchongaji."

"Nilijua nilipokushika mkono."

Kazungu akainua panga.

Wakuu, nilirudi nyuma. Ufunguo wa pikapu ulikuwa tayari mkononi, na macho yangu yalikuwa yanaangalia tulikotoka. Kaka yangu hawezi kukimbia, na mimi nilikuwa naangalia njia ya kukimbia. Naona haya hata kuandika.

Kumbe anafyeka kichaka. Alipomaliza akachuchumaa mbele ya wheelchair, akampa kaka mgongo. Akambeba mpaka ndani, mimi nyuma nashikilia miguu.

Muhugu wenyewe haukuwa mkubwa sana. Kaka akaukumbatia, akaweka pua kwa gome, akakaa hivyo muda mrefu. Alipogeuka alikuwa analia.

"Mzee, mbona haunukii?"

Kazungu alikuwa anahema. "Hunukia ukikatwa, bwana."

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Tulipofika Mtito Andei kaka akasema tu kwamba amechoka.

Tangu hapo anachonga mwembe na jacaranda, mbao laini, na mabega yanavumilia. Wateja wanalalamika vinyago vyake havinukii siku hizi. Anawaambia ni afadhali.

Funzo? Usiulize kama wheelchair inapita. Uliza choo kina ngazi ngapi na njia ni ya mchanga ama ni ya udongo. Kama umewahi kupeleka mtu wako kwa park yoyote, tuambie hapa ilikuwaje.

Ile ya ufunguo sijawahi kumwambia mtu. Juzi nimesikia kaka ameonyeshwa hii forum, anaisoma kila jioni.

Kaka, nisamehe. Nyinyi wengine, haya, nitukaneni.