Mwanamke Aliyelala Katikati ya Kitanda

Kwa miaka thelathini Rumyana Stoeva aliandika matangazo ya vifo katika duka la uchapaji mjini Troyan, yale yanayobandikwa mlangoni kwa marehemu na kurudiwa kila mwaka. Kila mwanamke aliyekufa alimwandika "mama mwema, mke mpendwa".

Jioni alipopeleka hadithi yake kwenye kikundi cha wanawake cha uandishi maktabani, mwalimu Desislava, aliyekiongoza, alimkabili.

"Dada Rumyana, umetudanganya milangoni miaka yote hii, na leo unatuletea mambo ya kubuni? Wanawake tuandike yaliyotupata!"

"Mwache asome, mwalimu," alidakia Tota, muuza maziwa. "Ukimkera atakuandikia tangazo lako ungali hai."

Walicheka. Rumyana alisoma, akijua kwamba wakiikataa hii hatathubutu kuandika nyingine. Ilimhusu mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo duniani. Siku ya arobaini ya mumewe aligawa makaburini ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, akarudi nyumbani, akalala katikati ya kitanda, na akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Alipomaliza, Tota alimsogelea.

"Nani alikwambia?" aliuliza Tota kwa sauti ndogo. "Hata padri sijamwambia."

"Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema mwingine.

Desislava alivua miwani. "Isome tena, dada. Tangu mwanzo."

Rumyana aliduwaa. Alikuwa amewaandika mamia ya wanawake kwa majina yao halisi, na hakuna aliyewahi kumuuliza amejuaje.