Kopo la Fifi na Hati ya Nyumba Yetu

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kandambili, mnyapara akanirudisha nyumbani. "Mashine haichagui kati ya pamba na kidole," alisema. Nikarudi na viatu vya kaka yangu, nimevijaza matambara mbele visinivuke. Ndivyo nilivyoingia kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, nikiwa na elimu yangu ya darasa la nne tu.

Nyinyi vijana mnaona marobota juu ya lori mnadhani pamba hutoka shambani hivyo. Mkulima huleta pamba ikiwa na mbegu ndani. Mashine hutenganisha nyuzi na mbegu. Nyuzi hushindiliwa kuwa marobota, mbegu hukamuliwa mafuta, na makapi yanayobaki, mashudu, hulishwa ng'ombe. Kabla ya yote hayo lazima mtu aitenge pamba kwa madaraja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nyeupe, kavu, isiyo na majani, hiyo ni safi. Iliyonyeshewa au kuliwa na wadudu, yenye rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni fifi.

Mnyapara aliniweka katikati ya malundo mawili. "Fifi usiidharau, binti, nayo ina mnunuzi wake. Lakini ukiichanganya na safi, lundo zima linauzwa kwa bei ya fifi. Ukichanganya, siku hiyo hulipwi."

Sikuchanganya. Msimu wa tatu nikapelekwa kituo cha kununulia Nkoma. Kule wakulima walikuwa wajanja. Juu ya gunia safi, katikati fifi, chini mchanga wa kuongeza uzito. Nilikuwa nazamisha mkono mpaka kwapani.

"Mayu, mama yangu, unatafuta yai humo?" mzee mmoja akaniuliza, watu wakacheka.

"Natafuta mchanga wako, baba."

Akacheka na yeye, akaliondoa gunia lake mzanini mwenyewe. Baada ya hapo nilikaa kituo cha Nyalikungu miaka minne, kisha nikarudishwa Bariadi kuwa msimamizi wa ghala la madaraja. Nilikuwa mkali. Wapo walionichukia, na sijutii.

Nikiwa msimamizi, meneja akatuita wafanyakazi wa kudumu. Akasema benki inatoa mkopo wa nyumba. Makato yanatoka kwenye mshahara kila mwezi kwa miaka kumi, na hati ya kiwanja inakaa benki kama dhamana mpaka umalize. Hesabu yangu ilikuwa kwamba ungeisha mwaka wangu wa kustaafu. Mume wangu Masanja, fundi baiskeli pale sokoni, hakuupenda. Kiwanja chetu tulikinunua kwa ng'ombe alioachiwa na baba yake. Alitia saini kwa sababu yangu, maana bati la nyumba ya kupanga lilikuwa linanivujia kitandani.

Tukajenga vyumba vitatu na sebule. Lakini Masanja hakuchimbia hata kigingi kimoja uani. Nikimwambia leta mbuzi tufuge, anajibu, "Sifungi mnyama kwenye uwanja wa watu. Hati iko kwao."

Mimi nikaweka makopo mawili juu ya kabati. La kwanza safi, yaani mshahara uliobaki baada ya makato. Hiyo ni chakula, ada na dawa. La pili fifi, yaani vijisenti vya mayai, vya mashudu niliyouza kwa debe, na chenji ya sokoni. Fifi hailiwi. Fifi ni ya kulipa nyumba kabla ya wakati. Masanja alinicheka mwaka mmoja. Wa pili akaanza kuacha soda yake ya mchana, jioni ananipa sarafu: "Hii ni fifi?" Namwambia ni fifi. Anaitumbukiza mwenyewe, aisikie inavyolia.

Kila kopo la fifi likijaa nilikwenda benki, naweka kwenye akaunti yangu, napewa karatasi. Nilikuwa naziona karatasi zile kama deni linapungua.

Mwaka wa tano binti yetu Kabula akapata mchumba, kijana wa kijiji cha Kimali, watu wa mifugo. Wakaleta maneno mazuri, na idadi ya ng'ombe ikakubaliwa. Kilichobaki ni ng'ombe kuja nyumbani kwa baba wa binti, kama ilivyo kwetu. Masanja akakataa.

"Ng'ombe wa Kabula hawatakanyaga uwanja wa benki."

Mshenga akadhani amepata dawa. "Basi mzee, tuwalete, uwauze, umalize deni."

"Nimuuze mwanangu nilipe benki?" Mshenga akanywa chai yake ikiwa ya moto hivyo hivyo.

Kabula alilia siku ile. "Baba, nitazeekea hapa." Nikamwambia asilie, karatasi zangu zinatosha, labda kumebaki kidogo. Kesho yake nikavaa gauni la kanisani, nikaenda benki na bahasha.

Ofisa mikopo alikuwa kijana mwenye adabu. Akatazama kompyuta yake, akanitazama mimi. "Mama, deni lako liko pale pale linapotakiwa kuwa kwa mwaka wa tano. Hela hizi zipo zote kwenye akaunti, hazijapotea. Ila hukuandika barua kwamba ni za kupunguza deni la msingi. Zimekaa tu, na deni limeendelea kuzaa riba."

"Kwa hiyo nimeweka fifi kwenye safi."

"Sijakuelewa, mama."

"Ninajielewa mwenyewe."

Mimi niliyekuwa nazamisha mkono kwenye magunia ya watu, hela yangu niliiweka akaunti ile ile ya mshahara, nisiulize inakwenda wapi. Niliona aibu kuuliza, kwa sababu ya hilo darasa la nne. Riba ya miaka ile ndiyo niliyolipia aibu.

Nilimweleza Masanja nikiwa nimesimama. Nilitegemea aniambie, "Nilikwambia." Akafuta grisi mikononi, akavuta stuli. "Kaa. Barua yenyewe inaandikwaje?" Akaandika yeye, mwandiko wake wa darasa la saba, mimi namtajia maneno ya yule ofisa: deni la msingi, deni la msingi.

Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, deni likashuka kama gunia lililomwagwa mchanga. Lililobaki tulilikimbiza kwa misimu miwili. Kabula alifuma sweta za shule, akatia koponi bila kuambiwa. Kijana wa Kimali alingoja. Hapo ndipo nilipompenda.

Tulikwenda kuchukua hati wote wawili. Masanja aliibeba kifuani, ndani ya shati, mpaka nyumbani, na hakutaka nimsaidie. Siku ile ile akachimbia vigingi.

Ng'ombe waliingia Jumamosi, na majirani walikuwa wamejaa. Nilikuwa nimeufagia uwanja mpaka unang'aa. Dume la kwanza likasimama katikati, likaacha mavi pale pale. Nikashika ufagio.

"Acha," Masanja akasema. "Leo acha."

Nimestaafu sasa, miguu inauma, na mkono wangu bado unajua safi na fifi nikiwa nimefumba macho. Mkiniuliza kuhusu mkopo, nitawaambia muulize benki hela yenu inaingia wapi, muulize mara tatu, na mwandike barua. Lakini mkija asubuhi mtanikuta uani na ufagio. Nafagia nikivizunguka vile vigingi vya Masanja, sijang'oa hata kimoja.